Chumba Nilichokipima kwa Nje

Mwezi uliopita dada Rehema alinipigia simu. Namba sikuitambua, na mimi namba nisiyoitambua huwa siipokei, maana mara nyingi ni mtu anayetaka kunitapeli, lakini siku ile niliipokea kwa upweke tu. "Ni Rehema," alisema. "Rehema wa Kimamba, wa nyumba kubwa. Mama ametutoka. Arobaini yake ni Jumamosi ijayo, huku Kisanga. Namba yako nimepewa na fundi mmoja wa huko kwenu." Nikasema pole, pole sana dada yangu, nitakuja. Akasema haya, akakata. Nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu Mikumi, chai imepoa, malori yanapita kuelekea Iringa, na nikatambua kwamba miaka yote hii nilikuwa nikiisubiri simu ile na kuiogopa. Mama yake ni Bi Tatu. Nilimkosea nikiwa kijana, kwa kuandika neno moja, na yeye hakuwahi kujua kwamba kosa lilikuwa langu.

Mwaka niliotimiza miaka ishirini na miwili niliishi peke yangu katika nyumba yenye vyumba ishirini na vitatu. Nilikuwa mchora ramani, nimetoka chuo cha ufundi juzijuzi, na shamba moja la mkonge nje kidogo ya Kimamba lilikuwa linakabidhiwa kwa mwenye mali mpya. Kabla ya makabidhiano, ofisi yetu ya Morogoro ilitaka ramani ya kila jengo: nani anaishi wapi, ukuta gani umepasuka, paa lipi linavuja. Wenzangu waligawana kambi za wafanyakazi, wakamaliza kwa wiki chache, wakarudi zao mjini. Mimi nilipewa nyumba kubwa. "Una mkono mzuri," mkubwa wangu aliniambia, "na huna mke wa kukulilia." Nilizichukua zote mbili kama sifa.

Nyumba ile aliijenga Mwingereza mmoja enzi za ukoloni, mwenye shamba wa kwanza, na watu wa Kimamba walisema aliijenga kwa kuikumbuka nyumba ya babu yake huko kwao mashambani. Alikumbuka kila kitu isipokuwa kwamba yuko Kimamba. Ghorofa mbili za matofali mekundu, paa la vigae lenye mteremko mkali wa kumwaga theluji, dohani nne ndefu, na sebule ya kuingilia iliyovikwa mbao za mninga mpaka usawa wa bega. Humo sebuleni palikuwa na meko ya kuotea moto ambayo ndama angeweza kusimama ndani yake. Mimi nimekaa Kimamba mwezi wa kumi na moja, na mpaka leo sijui nani aliota moto pale. Upande wa mbele ulitakiwa ulingane kulia na kushoto, dirisha kwa dirisha, na mahali pamoja ambapo nyuma yake kulikuwa na ngazi dirisha lisingewezekana, kwa hiyo alijenga dirisha la uongo: fremu, vioo vidogo vidogo, na nyuma ya vioo tofali. Nililipima kama mengine. Chumba cha kuhifadhia siagi na maziwa alikiweka upande wa kaskazini, kwa sababu kwao jua halifiki kaskazini. Kwetu mwezi wa sita jua linashinda hukohuko. Mzee Salumu, aliyekuwa mpishi wa nyumba ile, aliniambia siagi ilikuwa inamiminwa kwenye mkate kwa kijiko, na bwana mwenyewe anakula amenyamaza.

Jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba zilikuwa nyumba mbili zilizoshonwa pamoja. Mbele kulikuwa na ngazi pana zenye nguzo za kuchongwa, ambazo watu watatu wangepanda bega kwa bega. Nyuma kulikuwa na ngazi nyingine, nyembamba, zenye mwinuko wa kukata pumzi, zilizopita katikati ya kuta ili mtumishi aliyebeba maji ya kuoga asionwe na mgeni. Baina ya mbele na nyuma palikuwa na mlango mmoja tu, uliopigiliwa kitambaa kizito cha kijani kuzuia makelele na harufu ya vitunguu. Ukivuka mlango huo unakuta jikoni, chumba cha kupigia pasi, kisha ujia mwembamba unaokwenda kwenye safu ya vyumba vinne vya uani, vya watumishi. Cha mwisho ndicho alichoishi Mzee Salumu na mkewe, Bi Tatu. Mabwana walikuwa wameondoka miaka mingi, hapakuwa na wa kumpikia, lakini shamba lilimbakiza kama mlinzi. Hata hivyo hakuacha kupanda kwa ngazi za nyuma. Nilimuuliza kwa nini, maana hakuna wa kumwona. Akanijibu, "Zile za mbele zina utelezi."

Kupima nyumba ni kazi ya watu wawili: mmoja ashike mwanzo wa tepu, mwingine asome. Mimi nilikuwa mmoja. Nilipigilia msumari, nikafunga tepu, nikatembea mpaka ukuta wa pili, nikasoma, nikarudi kuifungua. Kila kipimo cha nyumba ile nilikitembea mara mbili. Kufika mwezi wa pili nilikuwa nasoma namba kwa sauti ili nisikie mtu akizungumza. Chakula nilikula kwenye kona ya ukumbi wa kulia uliojengwa kwa watu ishirini, sahani ya bati mapajani, ugali na dagaa, na mlio wa kijiko changu ukinirudia kutoka darini. Siku moja kabla ya kumega tonge nikasikia nimesema "karibu", kama unavyomkaribisha mtu anayepita, na hakuna aliyekuwa anapita. Jumamosi nilikwenda stesheni Kimamba kuangalia treni ikisimama. Sikuwa na wa kumpokea. Niliangalia watu wengine wakipokelewa, mizigo ikishushwa, baiskeli zikipakiwa, kisha nikarudi kwa miguu kupitia mikongeni. Nilikuwa mpweke kiasi cha kuumwa, na nilikuwa kijana wa kujidai, kwa hiyo sikumwambia mtu.

Mwanzoni mwa masika Mzee Salumu alifariki kwa homa ya siku tatu, na Bi Tatu akaanza kukaa eda. Rehema, binti yake mkubwa aliyekuwa ameolewa Kisanga, alikuja kukaa naye. Mimi ni Mkristo, lakini desturi hiyo naijua kama anavyoijua mtu yeyote wa Kilosa: miezi minne na siku kumi mjane anakaa ndani, na mwanamume asiye wa kwao haingii alipo. Nilidhani sasa nimebaki peke yangu kabisa. Siku ya kumi hivi Rehema akanifuata ukumbini, akatazama sahani yangu, akasema, "Mama anasema uje ule jikoni. Anasema mtu hali kama mfungwa." Tangu siku ile nilikula kwenye ngazi ya mlango wa uani. Mlango wa chumba chao uliachwa wazi kidogo, kanga imetundikwa, na sauti yake ilitoka nyuma ya kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika wapi leo?"

"Juu, ule ukumbi mrefu. Hauna kitanda wala meza. Ulikuwa wa nini?"

"Wa kutembea. Mvua ikinyesha walikuwa wanatembea humo, wanakwenda, wanarudi."

"Wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote. Wanatembea tu." Nikamsikia akicheka taratibu, kicheko cha mtu anayejikumbusha kwamba amefiwa. Kisha akaongeza, "Na dirisha la mwisho huko, usilivute. Lisukume kwa chini, la sivyo linatoka lote."

Bi Tatu alikuwa amefua na kupiga pasi katika nyumba ile kwa miaka mingi, na aliijua kwa mikono. Alijua ubao upi wa sakafu unalia na kabati lipi linaoza kwa ndani. Rehema aliniletea ugali na mlenda, kambale wa Mto Mkondoa aliyekaushwa, siku nyingine wali na maharage, na nikimaliza sikuondoka upesi. Nilikaa kuwasikiliza wakizungumza Kisagara chao, ambacho nilikielewa nusunusu, kuhusu mbuzi wa jirani, bei ya sukari, jinsi marehemu alivyokuwa anakoroma. Leo nikiulizwa ni wapi katika nyumba ile nilipojisikia niko nyumbani, jibu langu ni ngazi ile moja ya saruji.

Hatimaye kazi ikafika vyumba vya uani. Vitatu vilikuwa vitupu, nikavipima. Rehema akaniambia, "Mama anaweza kuhamia jikoni kidogo, uingie upime na hiki." Nikakataa. Nikasema, "Hapana dada, haifai. Nitakipata kwa nje." Na kweli unaweza. Unapima safu nzima kwa nje, unatoa vyumba vitatu ulivyoviingia, unatoa unene wa kuta, kinachobaki ndicho chumba ambacho hujakiona. Nikasikia Bi Tatu akimwambia binti yake kwamba kijana huyu amelelewa. Nilifurahi sana. Lakini fomu ya ofisi ilitaka zaidi ya vipimo: kila chumba matumizi yake, hali yake, jina la anayeishi humo na haki yake ya kuishi. Mwenye haki alikuwa Mzee Salumu, naye tumemzika. Na mkubwa wangu, alipopita mara ya mwisho, alikuwa amesema akiwa mlangoni mwa gari, "Ukimkuta asiye mwajiriwa mwandike, tujue wa kumwondoa." Nikafikiri kumwandika ndiko kumfukuza. Nikaandika: stoo. Nilidhani nimemficha. Na kwa kuwa nimeamua kusema, niseme lote: kuandika stoo kulikuwa rahisi pia, kwa sababu sikuwa na hali ya chumba ya kujaza, na stoo haina anayeiulizia hali.

Eda ilipokwisha Bi Tatu alinikaribisha ndani. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. "Ingia sasa, mwanangu. Umekaa sana mlangoni." Nilivua viatu, maana sakafu ilikuwa imepakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka inang'aa, kuliko sakafu yoyote ya mbele kwa mabwana. Kitanda cha chuma, chandarua kimefungwa fundo juu, sanduku la bati, vikombe sita vimefunikwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Ukutani palikuwa na shubaka, na ndani yake msahafu na taa, na macho yangu ya kazi yakaona papo hapo kwamba hesabu yangu ya nje haikuwa na shubaka lile. Tulikula wali na kuku. Nilikuwa na habari njema, nikaitoa kabla sijamaliza paja: barua imekuja kutoka Morogoro, mwenye mali mpya amekubali kwamba kila aliyekutwa akiishi shambani, mwajiriwa au mjane, atapewa chumba kambini, cha kwake, kwa kufuata ramani. Bi Tatu akasema alhamdulillahi, akafunika uso kwa mikono. Alipoufunua akasema, "Basi tuonyeshe hiyo ramani."

Ramani nilikuwa nimekwisha kuichora kwa wino. Karatasi yake ni ile ngumu inayopitisha mwanga, na wino ukishakauka haufutiki kwa raba. Unachukua wembe, unakwangua taratibu, na hata uwe fundi namna gani pale ulipokwangua panabaki ukungu. Nilikuwa nimechora karatasi saba bila doa moja. Tangu barua ilipofika, siku tatu nzima, nilikuwa nachukua wembe na kuurudisha. Nilijiambia nitamweleza mkubwa kwa mdomo akija. Basi nikawatandikia karatasi juu ya meza yangu ya kuchorea ukumbini, nikawaonyesha ngazi pana, ngazi nyembamba, ukumbi wa kutembea, na Bi Tatu akavitambua vyote, akashangaa dirisha la uongo nalo limo. Kisha akauliza cha kwake kiko wapi. Nikaonyesha kwa kidole. "Pameandikwaje?" Yeye hakujua kusoma. Rehema alikuwa amesoma mpaka la saba. Nikasema ngoja nikaangalie sufuria jikoni, nikapita mlango wa kijani, nikasimama jikoni ambako hapakuwa na sufuria. Niliporudi Bi Tatu alikuwa anapitisha kiganja juu ya karatasi bila kuigusa. "Ahsante, mwanangu," alisema. Sikuuliza ya nini.

Mkubwa wangu hakuja. Alikuwa amehamishwa, na siku ya makabidhiano alikuja karani nisiyemjua, na watu wa mwenye mali mpya, wakasimama kwenye ngazi za mbele kusoma majina. Watu wote wa kambi walikuwa wamekusanyika. Yalisomwa yote yakaisha, na Bi Tatu akajongea mbele na kanga yake mpya. "Na mimi, baba?"

"Unaishi wapi, mama?"

"Hapo uani, chumba cha mwisho."

Karani akafunua karatasi zangu, moja moja, hana haraka. "Hapa pameandikwa stoo."

"Umesoma vibaya, baba," Bi Tatu alisema kwa upole, kama anayemsaidia. "Binti yangu alinisomea. Pameandikwa chumba cha Bi Tatu. Aliyechora ni huyu kijana hapa, muulize."

Wote wakanigeukia. Mimi nikamtazama Rehema, naye akatazama miguu yake, na hapo ndipo nilipojua alichomsomea mama yake nilipokuwa nimejificha jikoni. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Labda kuna makosa." Labda. Ndilo neno nililoweza kulitoa mbele ya watu wale, na mkono wangu mzuri uko pale juu ya karatasi kila mtu anausifu. Karani akasema makosa yanapelekwa Morogoro kwa maandishi. Nikaandika barua, nikaandika ya pili, na humo niliandika ukweli, kwamba stoo ni neno langu. Hakuna aliyejibu. Kiangazi kilipokolea vyumba vya uani vilibomolewa kwa ajili ya matofali, kwa kuwa ramani ilionyesha ni stoo tupu. Nilimfungia Bi Tatu kitanda na sanduku kwenye mkokoteni. Alikuwa anakwenda Kisanga, kuishi uani kwa mkwewe. Aliniona nalia, akanishika mkono, akasema, "Usijiumize. Wewe uliandika. Wao ndio hawajui kusoma."

Tangu hapo nimechora nyumba nyingi. Nyumba za wageni karibu zote za upande wetu wa Mikumi zimepita mezani kwangu, na wateja husema mzee Deo hana mchezo, haondoki mpaka aulize nani atalala wapi. Wanadhani ni tabia. Miaka kadhaa baada ya Kimamba nilisikia karatasi zangu saba zimetundikwa ofisini Morogoro, vijana wapya waonyeshwe kazi safi. Kisanga si mbali na hapa, na sikuwahi kwenda. Kila mwaka nilikuwa na sababu, na sababu zangu zote zilikuwa za kweli. Mke wangu alipokuwa hai sikumwambia. Sasa hayupo, nyumba imekuwa kubwa tena, na jioni nikila husikia kijiko.

Jumamosi ile nilipanda gari la Kilosa, nikashuka njiani, nikachukua bodaboda mpaka Kisanga. Dua ilikuwa imeanza. Mume wa Rehema, mzee sasa, anatembelea fimbo, alinishika mkono, na kabla sijakaa akawaambia waliokuwa jamvini, "Huyu ndiye yule kijana wa ramani. Marehemu alikuwa haachi kumsimulia. Alikataa hata kuvuka kizingiti cha mjane, akapima chumba kwa nje. Nyie vijana mnasikia?" Vijana wakanitazama kwa heshima. Wazee wakanisogezea nafasi karibu na imamu. Nilipewa sahani ya pilau iliyojaa kuliko za wengine, na niliila yote, kwa sababu sikujua namna ya kuikataa.

Watu walipoanza kutawanyika nikazunguka uani. Rehema alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya masufuria, mvi zimemtoka chini ya mtandio.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umezeeka, Deo."

"Nimezeeka. Nimekuja kukueleza..."

"Unieleze nini? Nilikuwepo." Akanisogezea kigoda kingine. Nikakaa.

"Kwa nini ulimsomea vile?" nikamuuliza.

"Wewe ulikimbilia sufuria, halafu unaniuliza mimi?" Hakusema kwa hasira. "Alikuwa ameweka kidole pale, ananitazama. Ametoka eda juzi. Nimwambie mama yangu kwamba anaishi stoo? Nikasema Deo mwenyewe atarekebisha, kalamu anayo. Halafu ikawa basi. Miaka yote hii, akija mgeni, anasimulia walivyosoma vibaya, mimi namwitikia. Na mume wangu naye anasimulia. Nimechoka kuitikia. Nilitaka nikae na mtu mmoja tu ambaye sina haja ya kumwitikia."

"Nisamehe, dada."

"Ngoja kwanza. Barua ya kambini ulikuwa nayo, ulituambia mwenyewe tukila kuku. Ulijua jina lake likiwemo atapata. Kwa nini hukufuta?"

Miaka yote nilikuwa na majibu ya swali lile, mazuri, yenye hofu ya mkubwa na ugeni wa kazi na ujana. Nikayatafuta, nikaona ninachokitafuta ni ukumbi mwingine wa kutembea.

"Karatasi ilikuwa safi," nikasema. "Sikutaka kuikwangua."

Rehema akanigeukia. "Mimi nilidhani uliwaogopa wale watu," akasema. "Nikawa nakuonea huruma." Akainuka kwa shida, akachukua masufuria, akaenda nayo kwenye maji, na hakurudi kukaa.